Mbuni na Ndugu Zake: Somo Kutoka Korongo la Kihansi

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Katika toleo hili tumependa tujifunze habari za mti ambao sote tunaujua kwa kinywaji chake, lakini ni wachache miongoni mwetu tunaoujua wenyewe. Mti huo ni mbuni, yaani mti wa kahawa. Msomaji anaweza kuuliza: sisi watu wa Ifakara ni wakulima wa mpunga, na jirani zetu wa Kidatu ni watu wa miwa, mbuni unatuhusu nini? Jibu ni kwamba katika milima ya Udzungwa, ambayo tunaiona kila asubuhi, imo mibuni ya porini. Mmoja wao haujaonekana ukiota kwa asili mahali pengine popote duniani isipokuwa katika korongo la mto Kihansi, na maji ya mto huo yanaingia katika mto wetu wa Kilombero. Kwa hiyo habari hii ni yetu.

1. TUANZE NA MANENO

Mti tunauita mbuni, na ikiwa mingi ni mibuni. Punje yake kabla ya kukaangwa ni buni. Kinywaji ni kahawa. Neno buni limetokana na neno la Kiarabu bunn, na kahawa limetokana na qahwa. Wadogo zetu wasichanganye mti huu na ndege mbuni, yule mkubwa asiyeruka. Jina ni moja lakini viumbe ni viwili.

2. UKOO WA MBUNI

Watu wengi hudhani kahawa ni mti wa aina moja. Kwa hakika wataalamu wa mimea wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 120 za mibuni. Inaota kwa asili barani Afrika, Madagaska, Komoro na visiwa vya jirani, na mingine hadi Asia na Australia. Ipo iliyo vichaka vifupi, na ipo iliyo miti yenye kupita mita 10. Ipo yenye matunda mekundu, ya njano, ya zambarau na meusi.

Pamoja na tofauti hizo, dalili za undugu zinaonekana. Majani hutoka mawili mawili, yakielekeana. Maua ni meupe au yenye wekundu kidogo, yana umbo la nyota, na ya aina nyingi yananukia mithili ya asmini. Mara nyingi huchanua kwa pamoja baada ya mvua inayofuata ukame, na baada ya siku chache yamekwisha kunyauka. Ndani ya tunda kwa kawaida mna punje mbili zilizolaliana kwa upande ulio bapa.

Mbuni una ndugu wa mbali pia. Mmoja wao ni mkwinini, mti ambao magome yake yalitoa dawa ya kwinini. Sisi tunaoishi katika bonde lenye mbu tunajua thamani ya dawa hiyo. Mti mmoja umeondolea watu usingizi, na nduguye umewaondolea homa.

Kati ya aina hizo zaidi ya 120, biashara ya dunia inategemea mbili tu: Arabika na Robusta. Arabika ndiyo inayolimwa Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, na Robusta inalimwa sana Kagera. Robusta ina kafeini, ile inayofukuza usingizi, karibu mara mbili ya Arabika. Lakini katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania upo mbuni wa porini ambao punje zake hazina kafeini kabisa. Tazama jinsi Mola alivyogawa: ndugu wa ukoo mmoja, huyu amepewa hiki na yule amenyimwa, na kila mmoja ana mahali pake.

3. WALIOITUMIA KWANZA

Arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia na nchi jirani ya Sudan Kusini. Wataalamu wamegundua kuwa ilitokana na kuchanganyika kwa mibuni miwili, Robusta na mwingine wa porini uitwao eugenioides, ambao unaota pia magharibi mwa Tanzania. Kwa maneno mengine, hata kahawa iliyo maarufu kuliko zote ni mtoto wa mti wa porini ambao hakuna anayeujali.

Huku kwetu, Wahaya wa Kagera waliijua Robusta kabla ya kuja kwa Wazungu. Hawakuinywa, bali waliichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna na kumkaribishia mgeni.

Kinywaji chenyewe kilipata sifa Yemen katika karne ya 15, pale Masufi walipokitumia ili wakeshe katika dhikri. Kutoka bandari ya Mukha kahawa ikasafiri duniani. Lakini haikupokelewa bila mjadala. Mwaka 1511 mjini Makka, Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa masoko, aliwakusanya wanazuoni na kahawa ikapigwa marufuku. Marufuku ile haikudumu. Mwaka 1558 mwanachuoni Abdulqadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima cha kueleza uhalali wake. Hapa tunapata funzo la kwanza: wanazuoni hawakuridhika kuhukumu kwa kusikia tu, bali walikichunguza kitu chenyewe kwanza.

4. KWA NINI NDUGU WA PORINI NI MUHIMU

Huenda msomaji akasema: ikiwa mibuni miwili inatutosha, hiyo mingine ina faida gani? Tutazame mambo yaliyotokea.

Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani uliingia katika mashamba ya kahawa ya Sri Lanka, ambayo wakati huo ikiitwa Ceylon. Mibuni yote ilikuwa Arabika, na udhaifu wake ulikuwa mmoja. Katika muda wa miaka 20 hivi kilimo hicho kilianguka, na wakulima wakahamia kwenye chai. Baadaye, katika kisiwa cha Timor, ulionekana mbuni uliozaliwa wenyewe shambani kwa kuchanganyika Arabika na Robusta, nao uliihimili kutu. Asili yake imeingizwa katika aina nyingi za kahawa zinazopandwa leo. Hapa nchini, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) iliyoko Lyamungu, Kilimanjaro, imewapatia wakulima aina chotara zinazovumilia kutu ya majani na chulebuni.

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi. Katika misitu ya Sierra Leone kulikuwa na mbuni uitwao stenophylla ambao watu walikuwa wameusahau. Mwaka 2018 watafiti waliutafuta porini wakaupata. Mwaka 2021 ilitangazwa kuwa ladha yake inakaribia ya Arabika, na kwamba unastahimili wastani wa joto unaozidi wa Arabika kwa kiasi cha nyuzi 6. Katika zama hizi ambapo joto linapanda, mti uliodharauliwa huenda ukawa msaada wa wakulima.

Lakini muda haupo mwingi. Mwaka 2019 wanasayansi wa bustani ya Kew, Uingereza, walitoa hesabu kwamba kati ya aina 124 za mibuni zilizojulikana wakati huo, 75 zimo katika hatari ya kutoweka. Hiyo ni asilimia 60.

5. MBUNI WA KIHANSI

Sasa turudi nyumbani. Mto Kihansi unashuka kutoka nyanda za juu za Udzungwa hadi bonde la Kilombero, upande wa Chita na Mlimba. Katika kushuka huko unapita korongo lenye maporomoko, na kwa karne nyingi manyunyu ya maporomoko hayo yaliufanya mmea na jiwe kuwa mbichi mwaka mzima.

Nchi ilihitaji umeme. Likajengwa bwawa juu ya korongo, na kituo chenye uwezo wa megawati 180 kikaanza kazi kufikia mwaka 2000. Sehemu kubwa ya maji, karibu asilimia 90, iligeuzwa kupita ndani ya mwamba hadi kwenye mitambo. Manyunyu yakapungua mno.

Katika korongo hilo, kwenye eneo la takriban hekta 2, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani ili wahifadhiwe, na mabomba ya kunyunyiza maji yakawekwa korongoni. Hata hivyo mwaka 2003 idadi ya waliobaki ilianguka ghafla, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini hawapo tena. Kuanzia mwaka 2012 vizazi vya wale waliopelekwa ng'ambo vilirudishwa Kihansi kwa jitihada na gharama kubwa.

Chura huyo amesikika duniani kote. Jirani yake, mbuni wa Kihansi, hausikiki. Ni kichaka cha porini ndani ya msitu wa korongo lile lile. Ulielezwa na kupewa jina la kisayansi, Coffea kihansiensis, mwaka 2004 na wataalamu Davis na Mvungi, ambao tangu siku hiyo waliuhesabu kuwa umo hatarini. Tuzingatie tarehe hizi vizuri: maji yaligeuzwa kwanza, jina la mti likaja baadaye. Tulibadilisha makazi ya kiumbe kabla hatujajua kuwa yupo. Chura aliweza kubebwa, akatunzwa, akarudishwa. Mti umebaki pale pale.

Hatusemi haya ili kulaumu umeme. Taa tunazosomea darsa za usiku zinahitaji umeme, na hospitali zinauhitaji zaidi. Tunalosema ni kwamba elimu itangulie kitendo. Anayejua kilichomo korongoni anaweza kupanga ni maji kiasi gani yaachwe yapite. Asiyejua hupanga kana kwamba hakuna kitu.

6. WAJIBU WETU

Dini yetu imemfanya mwanadamu kuwa khalifa katika ardhi, na khalifa ni mwenye kukabidhiwa, siye mwenye mali. Tumefundishwa tusifuje maji hata tunapotawadha kando ya mto. Na Mtume wetu (S.A.W.) amehesabu kupanda mti kuwa ni sadaka, hata ikiwa atakayekula matunda yake ni ndege. Basi sisi wanafunzi na wazazi wa bonde hili tunaweza kufanya haya:

(a) Tusiwashe moto ovyo milimani na pembezoni mwa mashamba wakati wa kiangazi. Moto wa kuwinda panya unaweza kupanda hadi msituni.

(b) Tusilime wala kukata miti ukingoni mwa mito. Sheria ya nchi ya mwaka 2004 imezuia shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Maji yanayonywesha mpunga wetu yanatoka katika misitu ya Udzungwa.

(c) Tuwaulize babu na bibi zetu majina ya miti kwa Kindamba na Kipogoro, matumizi yake na mahali inapoota, tuyaandike katika daftari. Mzee akifariki bila kuulizwa, anazikwa na elimu yake.

(d) Tusing'oe mimea ya porini kwenda kuipanda nyumbani kwa kujifurahisha. Ya msituni tuiachie msitu, na nyumbani tupande ya kitalu.

Ewe mwanafunzi, unapompelekea babako kikombe cha kahawa barazani, kumbuka kuwa kikombe hicho kina ndugu zaidi ya 120, na mmoja wao ni jirani yako. Usikiite kitu cha bure kwa sababu tu hujaambiwa faida yake. Aliyekiumba anaijua, na ametupa akili ili tuitafute.

MASWALI YA ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mbuni, buni na kahawa.
2. Taja dalili tatu zinazoonyesha undugu wa mibuni.
3. Kwa nini ugonjwa wa mwaka 1869 uliangamiza kahawa ya Ceylon?
4. Mbuni wa Kihansi ulipewa jina mwaka gani, na tarehe hiyo inatufundisha nini?
5. Waulize wazee wawili majina ya miti mitano ya mtaani kwenu, uyalete darasani.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.