Mali Yako Chumbani JLT

Wadogo zangu mnaoishi Jumeirah Lakes Towers (JLT) hapa Dubai, leo tuzungumze habari ya mali zenu. Mwizi wa kuvunja dirisha hana njia kwenye maghorofa yenu. Chini kuna mlinzi, lifti ina kamera, na mlango mkubwa unafunguka kwa kadi. Ndiyo maana mtu anaacha bangili kwenye droo, anakwenda kazini moyo mweupe. Lakini kama umepanga kitanda tu kwenye chumba cha watu sita, mlinzi wa chini hawezi kukulinda na anayelala pembeni yako, wala na mgeni aliyemkaribisha jana. Kinachobaki kulindwa ni sanduku lako.

Nalisema hili kwa uchungu, maana najua mnavyoweka akiba. Mshahara ukiingia, mtu anapanda Metro hadi soko la dhahabu la Deira, ananunua herini au pete ya karati 21, anaificha ndani ya soksi akingoja likizo ya kwenda Tanga au Mombasa. Mwaka ukiisha, soksi ina jasho lake lote. Nakusihi usiirundike chumbani. Zipo benki zinazokodisha visanduku vya kuhifadhia vitu vya thamani. Gharama ikikushinda, acha fedha benki, ununue ukikaribia kusafiri. Mtaniambia bei inapanda. Kweli inapanda, ila iliyoibwa inampandia mwingine. Na risiti usiitupe: sonara ameandika humo uzito na karati. Ipige picha pamoja na kito chenyewe, ujitumie kwa barua pepe, kwa sababu simu nayo huibwa.

Halafu kuna siku ya upatu, au chama kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya. Chumba kizima kinajua leo zamu ya nani, na dirhamu zinahesabiwa juu ya kitanda. Kwa nini? Kila mtu atume mchango wake kwenye akaunti ya mwenye zamu. Kama lazima ziwe taslimu, zisilale chumbani hata usiku mmoja.

Pasipoti ifungie, na nakala yake iwe kwa mtu wako nyumbani. Wewe unayefanya kazi za ndani, ujue kwamba sheria ya Emarati ya 2022 inakupa haki ya kukaa na hati zako mwenyewe.

Polisi wa Dubai wana huduma ya kuangalia nyumba ya aliyesafiri, lakini hiyo ni ya wenye villa. Wewe wa ghorofani, ukisafiri, usitangaze tarehe kwenye status kabla hujarudi.

Sasa ukiibiwa. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Usipekue mabegi ya wenzako, na usimtaje mtu kuwa mwizi kwenye grupu la WhatsApp, hata kama unaapa ni yeye. Sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2021 inaadhibu matusi na kashfa, na wewe uliyeibiwa unaweza kugeuka mshtakiwa. Usiguse kitu, piga 999. Kama si dharura, 901. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa kuwa picha za kamera hazihifadhiwi milele, na walinzi wa jengo hawatakukabidhi wewe bali polisi.

Najua kinachowazuia kupiga simu: hofu, kwa sababu jina halimo kwenye mkataba au chumba kimekatwa kwa mbao bila kibali. Mwizi naye anaijua hofu hiyo na anaitegemea. Tangu 2022 Dubai inataka kila anayeishi kwenye nyumba ya kupanga aandikishwe kwenye programu ya Dubai REST. Kwa hiyo wewe ambaye hujaandikishwa, mwendee mwenye mkataba wiki hii umwombe akuandikishe. Akikataa, mdogo wangu, anza kutafuta kitanda kwingine.