Roketi za Bati

Mtoto wa Luofu akitaka motokari ya kuchezea haendi dukani. Hutafuta kopo la sardini, waya, na kandambili iliyochakaa ya kukatia magurudumu. Jua halijatua, motokari yake inashuka mlimani. Lakini makopo huokotwa nyumbani tu. Vita vimepita Lubero mara nyingi, na chuma kilichoachwa shambani pengine ni bomu ambalo halijapasuka. Chuma cha namna hiyo hakiguswi wala hakipigwi jiwe; mtoto humwita mtu mzima upesi.

Katika Ujapani pia watu walianza na makopo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, miji mingi ilikuwa imeungua na bati lilikuwa haba. Fundi mmoja wa mji wa Otsu, jina lake Kosuge, alichukua makopo matupu yaliyotupwa na askari wa Marekani, akayanyosha, akayakunja kuwa mfano wa motokari ya askari hao, iitwayo Jeep. Watu wakainunua, ingawa chakula chenyewe kilikuwa kidogo.

Miaka michache baadaye viwanda vya Ujapani vilipeleka vitu vya kuchezea hata Marekani. Huko watoto walikuwa wakitazama televisheni. Mwaka 1949 ulianza mchezo wa Captain Video, na mwaka 1950 Space Patrol, hadithi za kubuniwa za watu wanaosafiri kati ya nyota. Siku zile hakuna mtu aliyekuwa amesafiri huko. Hata Sputnik, mwezi wa kwanza uliotengenezwa na watu, ulirushwa mwaka 1957. Lakini watoto walitaka roketi mkononi, nao mafundi wakawafanyizia roketi za bati na watu wa chuma waitwao roboti.

Rangi, madirisha, hata uso wa rubani, vilichapwa kwanza juu ya bati bapa. Kisha mashine ilikata bati na kulipinda. Kila kipande kilikuwa na vidole vidogo. Vilipitishwa katika matundu ya kipande cha pili, vikakunjwa, bila msumari hata mmoja. Ndani ya roboti iliwekwa kamani. Mtoto alizungusha ufunguo, kamani ikakaza, roboti akatembea mpaka ilipolegea.

Leo watu wazima huvinunua vitu hivyo kwa fedha nyingi. Katika vingine vya miaka ya kwanza, mtu akichungulia ndani huona bado maandishi ya kopo la zamani. Motokari ya Luofu nayo ina maandishi yake, ila yako nje, kila mtu ayasome.

Maulizo: Kwa nini mtoto haokoti chuma shambani? Roboti alitembea kwa nguvu gani?