Kitumbua na Hesabu Yake



Mwalimu anayesimamia gazeti letu hili la muhula ameniomba niandike habari ya kazi yangu, kwa kuwa nami nilisoma katika madarasa haya haya mpaka mwaka 2021. Kazi yangu ni kupika na kuuza vitumbua asubuhi hapa Tanga. Najua wako watakaocheka. Na wacheke, walakini wasome mpaka mwisho, maana ndani ya habari hii mna somo la Sayansi na somo la Hesabu. Masomo hayo mawili nilifundishwa hapa shuleni, nikayatupa, kisha nikayaokota kwa taabu.

Mapenzi ya jiko

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, huko Ngamiani. Kila siku kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia mlio wa mbuzi ya kukunia nazi, nami huondoka kitandani nikaenda kuketi karibu na mafiga. Nilipokuwa na miaka saba bibi alinipa kifumbu nikamue tui. Nilipofika miaka kumi alinipa kijiti nigeuze vitumbua katika chuma. Wenzangu walipokwenda kucheza mpira, mimi nilikaa kutazama jinsi uji wa mchele unavyofura taratibu chini ya kawa.

Mjomba wangu hakupendezwa. Siku moja alimwambia bibi, "Mama, mtoto wa kiume hafundishwi upawa." Bibi akamjibu, "Kwani mwanamume hali?" Mjomba akanyamaza, nami nikaendelea kugeuza vitumbua.

Watu wa mtaa walisifu sana vitumbua vya bibi. Walisema, "Yule bibi ana mkono." Nami niliamini hivyo hivyo, kwamba kupika ni mkono na mapenzi tu, wala hakuna jambo jingine. Basi kosa langu lote lilianzia hapo.

Nilivyoanza biashara

Nilipomaliza Kidato cha Nne sikupata alama za kuniendeleza mbele. Nilikaa mwaka mmoja nikisaidia katika duka la mjomba. Hata mwezi wa Oktoba 2022 nikamwendea bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kupungua nguvu na biashara ameiacha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," akaniitikia, kama bibi zetu wapendavyo kuwatania wajukuu.

Nikamweleza kwamba nataka kuuza vitumbua na kwamba sina mtaji. Bibi akaniambia nimfungulie sanduku lake. Akatoa kitambaa kilichofungwa, na ndani yake mlikuwa na shilingi 60,000. Nilizijua fedha zile. Zilikuwa fedha za sanda yake, alizojiwekea ili siku yake ikifika asimtaabishe mtu. Nilikataa kuzipokea. Akasema, "Chukua. Nitakusubiri." Akanipa na chuma chake cha vitumbua.

Nilitumia 20,000 kununua jiko la mkaa na sufuria. Zikabaki 40,000. Kila siku nilipika mchele kilo 2, nikapata vitumbua 100, nikaviuza kwa shilingi 200 kimoja karibu na njia wapitayo wafanyakazi na wenye baiskeli. Watu walinunua. Nilirudi nyumbani na fedha mfukoni, nikatoa 1,000 kila siku kwa matumizi yangu, nikijua kwamba hiyo ndiyo faida.

Siku ya ishirini na tatu nilizihesabu fedha zangu nikaziona 15,800 tu. Vitu vya kupikia vilihitaji 16,500. Wanunuzi walikuwapo, vitumbua vilisifiwa, walakini mtaji ulikuwa umekwisha, na mtaji wenyewe ni sanda ya bibi. Usiku ule sikulala.

Mafundo matatu

Asubuhi nilimwambia bibi habari yote. Hakunigombeza. Aliniuliza maswali mawili tu. Kwanza aliniuliza, "Umepata kuniona nikipika bila kile kifuu?" Nikakumbuka. Kweli, siku zote bibi alikuwa na kifuu kimoja cha nazi cha kupimia mchele, wala hakukibadili miaka yote. Mara ya pili akaniuliza, "Na fedha zangu nilizifunga wapi?" Nikakumbuka tena. Alizifunga katika pindo la kanga, mafundo matatu. Fundo la kwanza lilikuwa la mchele na nazi za kesho. Fundo la pili lilikuwa la kuni na mafuta. Fundo la tatu lilikuwa la nyumba, na hilo ndilo pekee alilolifungua dukani.

Basi nikafahamu. Bibi hakujua kuandika, walakini kipimo alikuwa nacho, na hesabu alikuwa nayo. Mimi nilirithi mapenzi yake tu, nikaacha kifuu na mafundo. Nikatafuta madaftari yangu ya shule, nikaanza upya kama mwanafunzi.

Somo la kwanza: Hamira

Katika kila vitumbua 100 nilikuwa naharibu kama 8. Vingine viliungua nje, vingine vilikuwa bapa kama sarafu, na vingine vilikuwa vichachu. Yafaa tujue sababu.

Hamira si unga wa kawaida. Ni kuvu hai, vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Katika miaka ya 1850 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alionyesha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai. Kuvu hawa hula sukari, wakatoa hewa iitwayo kabonidayoksaidi pamoja na kileo kidogo ambacho hutoweka motoni. Hewa ile ndiyo itoboayo vijitundu katika kitumbua na kukifanya kiwe chepesi.

Kwa kuwa hamira ni kitu hai, joto lataka kuangaliwa. Hamira hufanya kazi vizuri katika uvuguvugu wa kama digrii 30. Joto likifika kama digrii 60 hufa. Mimi nilikuwa namimina tui la moto kwa haraka ya alfajiri, nikaiua hamira kwa mkono wangu, kisha nikalaumu mchele. Hali kadhalika, wakati wa kaskazi hewa ya Tanga ni ya joto, na uji hufura upesi. Wakati wa kipupwe huchelewa. Mtu apimaye kwa saa tu, bila kutazama majira, atapata vitumbua vichachu wakati wa kaskazi na vizito wakati wa kipupwe. Bora atazame uji wenyewe. Ukiwa umepanda na kujaa mapovu, upike bila kukawia.

Jambo jingine ni tofauti ya mchele na ngano. Unga wa ngano ukikandwa hufanya utando wenye kuvutika kama mpira, ukaikamata hewa. Ndiyo maana andazi huumuka hata likakaa wima. Mchele hauna utando huo. Uji wa mchele ukiwa mwepesi, hewa hupanda juu ikatoka. Sasa nikaelewa kwa nini bibi alitia konzi moja ya wali uliokwisha kuiva pamoja na mchele mbichi uliorowekwa usiku, ndipo akasaga. Wanga wa mchele ulioiva umekwisha kunywa maji na kufura, nao huufanya uji kuwa mzito, hata mapovu yakakaa ndani. Bibi hakuyajua maneno haya, walakini kazi yake ilikuwa sahihi.

Mwisho ni moto. Mkaa ukiwaka sana, nje huungua na ndani hubaki mbichi. Nilipopunguza mkaa, nikaacha chuma kipate moto wa kadiri kabla ya kumimina uji, vitumbua vilivyoharibika vilishuka kutoka 8 hata 2.

Somo la pili: Hesabu

Sasa tutazame gharama yangu ya siku moja kwa mchele kilo 2, kwa bei nilizonunulia mwishoni mwa mwaka 2022:

Mchele kilo 2: shilingi 5,600
Nazi 3: shilingi 3,000
Mafuta nusu lita: shilingi 3,000
Mkaa: shilingi 2,000
Sukari nusu kilo: shilingi 1,500
Hamira na iliki: shilingi 900
Kusaga: shilingi 500
Jumla: shilingi 16,500

Gawanya 16,500 kwa vitumbua 100, utaona kila kimoja kimegharimu shilingi 165. Nikikiuza 200, napata faida ya shilingi 35. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Walakini sikuwa nauza 100. Vinane viliharibika, na kumi niligawa bure kwa rafiki na watoto wa jirani, maana nilipenda kusifiwa. Vilivyouzwa ni 82. Zidisha 82 kwa 200, utapata 16,400. Kwa hiyo kila siku nilipoteza shilingi 100, na juu yake nikatoa 1,000 nikiita faida. Kwa siku 22, shilingi 1,100 kila siku ni 24,200. Toa katika 40,000, zitabaki 15,800. Ndizo zile nilizozikuta mfukoni. Hapakuwa na mwizi wala uchawi. Mwizi alikuwa mimi mwenyewe.

Bei za vitu hubadilika kila mwaka, lakini njia ya kuzihesabu haibadiliki.

Nilivyosimama tena

Siku iliyofuata sikupika kilo 2, nilipika kilo 1. Nilinunua daftari, nikaligawa sehemu tatu kama mafundo ya bibi: sehemu ya vitu vya kesho, sehemu ya vyombo na mkaa, na sehemu yangu. Niliweka pia mikebe mitatu, na sikuruhusu fedha za mkebe mmoja kuingia katika mwingine. Watoto wa jirani niliendelea kuwapa, maana nyumba isiyotoa haina baraka, walakini niliwapa viwili kwa siku, na hivyo viwili niliviandika katika daftari.

Kazi ilipopata nguvu nilirudi kilo 2, kisha nikaenda kilo 6. Hapo nikajifunza jambo jipya. Mchele, nazi, sukari na mafuta huongezeka kwa kadiri ya vitumbua. Mkaa hauongezeki hivyo, maana jiko likisha pata moto hupika vingi. Kwa vitumbua 300 nilitumia mkaa wa 3,500 badala ya 6,000. Gharama yote ilikuwa 47,000. Nikiuza 290 napata 58,000. Faida ni 11,000, na humo hulipa msaidizi 4,000.

Tangu hapo nilitenga shilingi 1,000 kila siku katika mkebe wa nne. Siku ya sitini nilizifunga 60,000 katika kile kile kitambaa, nikampelekea bibi. Alizigusa kwa vidole, akazirudisha sandukuni, akaniambia, "Sasa umejua kupika." Hadi leo hajazihitaji, Alhamdulillahi, na kila asubuhi hula kitumbua cha kwanza, akaniambia kama iliki imezidi au imepungua.

Mjomba naye hunipitia kila Ijumaa. Hununua vitumbua kumi, na hulipa.

Neno langu kwenu

Enyi ndugu zangu, wengi wenu mnapenda kitu fulani tangu utoto: kushona, kulima, kutengeneza baiskeli, kupika. Msikionee haya kitu hicho, wala msidhani kwamba kukipenda kwatosha. Mapenzi ndiyo yatakayokuamsha alfajiri watu wengine wakiwa wamelala, na bila hayo hutadumu. Walakini mapenzi hayajui kutoa na kugawanya. Kazi hiyo ni ya daftari. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nami nimeona kwa macho yangu kwamba haba na haba hukimaliza kibaba vile vile, kama hakuna anayehesabu.

Maswali

1. Kwa nini tui la moto sana huharibu vitumbua?
2. Eleza tofauti ya unga wa ngano na uji wa mchele katika kukamata hewa.
3. Mtu amepika vitumbua 150 kwa gharama ya shilingi 24,000, na bei ni shilingi 200 kimoja. Ni vitumbua vingapi visipouzwa atakuwa hana faida wala hasara?
4. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu jinsi alivyopima chakula na alivyotunza fedha kabla ya kuwa na mizani na daftari. Andika majibu yake.