Moshi wa Kalibu: Jirani Ajilinde Vipi?

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Katika makala haya nataka tujifunze jambo ambalo wengi wetu hulipita njiani bila kulitazama mara mbili, nalo ni kuyeyusha alumini na metali nyingine, na madhara yake kwa wanaoishi karibu. Hakuna jikoni Kisii wala Nyamira pasipo sufuria, kwa hivyo hakuna awezaye kusema kwamba somo hili halimhusu.

ALUMINI HUTOKA WAPI?

Alumini haipatikani ardhini ikiwa tayari. Huchimbwa mawe na udongo uitwao boksaiti, ukasafishwa ukawa unga mweupe. Unga huo huyeyushwa ndani ya chumvi iitwayo krayolaiti kwa joto la karibu nyuzi 950 za Selsiasi, kisha umeme mwingi hupitishwa humo. Njia hii iligunduliwa mwaka 1886 na Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake. Kilo moja tu ya alumini hutaka umeme wa yuniti 13 hadi 15! Ndiyo maana kiwanda cha Tema nchini Ghana, kilichoanza kazi mwaka 1967, kilijengwa kwa kutegemea umeme wa bwawa la Akosombo.

Hapa Kenya hatuna kiwanda cha namna hiyo. Sisi huyeyusha chakavu: sufuria kuukuu, vipande vya injini, fremu za madirisha. Chakavu huyeyuka kwa nyuzi 660 hivi, na kuyeyusha chakavu hutumia karibu asilimia 5 tu ya nguvu zinazohitajika kutoa alumini mpya. Hiyo ni faida kubwa, na ni vizuri tuitaje kabla ya kulaumu.

MADHARA YA VIWANDA VIKUBWA

Kwanza, viwanda vinavyotoa alumini kutoka boksaiti hutoa gesi zenye floraidi. Gesi hizo zisiponaswa kwenye bomba la moshi, floraidi hutua juu ya majani. Ng'ombe wakila nyasi hizo kwa muda mrefu meno yao huharibika, mifupa huuma, na hatimaye hushindwa kutembea vizuri. Sisi wa huku tunaofuga ng'ombe mmoja au wawili na kuuza maziwa yao tunajua maana ya hasara hiyo.

Pili, kuna gesi ya salfa ambayo huwasha kifua na kuwazidishia taabu wagonjwa wa pumu.

Tatu, kusafisha boksaiti huacha tope jekundu lenye magadi makali. Oktoba 2010 ukuta wa bwawa la tope kama hilo ulipasuka karibu na mji wa Ajka, nchini Hungaria. Tope lilifurika vijijini, watu 10 wakafariki na wengi wakaunguzwa ngozi.

JE, KALIBU NDOGO NI SALAMA?

Msomaji anaweza kusema, "Hayo ni ya mbali, sisi tuna kalibu za jua kali tu." Hebu tutazame vizuri. Fundi huchimba shimo, akaweka makaa na feni ya kupuliza moto, au akatumia oili chafu ya magari. Chakavu chenye rangi, plastiki na grisi hutiwa ndani pamoja. Rangi na plastiki zikiungua hutoa moshi wenye sumu, na moshi huo hauna bomba refu la kuupeleka juu. Hupita mlangoni mwa jirani. Tena, tone la maji likiingia ndani ya alumini iliyoyeyuka huweza kulipuka na kumrushia fundi uji wa moto.

Lakini hatari kubwa ni kile kinachochanganywa. Rejeta kuukuu huwa na lehemu yenye madini ya risasi, na betri za magari ndizo zimejaa risasi yenyewe. Vitu hivi vikiyeyushwa katika chungu kimoja na alumini, risasi huingia katika sufuria. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea. Zaidi ya thuluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa risasi ya kutosha kutia wasiwasi.

Risasi huudanganya mwili. Mwili huidhani ni kalisi, ukaiweka akiba ndani ya mifupa. Kwa watoto hupunguza akili na damu. Kwa mama wajawazito huweza kuharibu mimba. Mtoto mdogo ndiye huumia zaidi kwa sababu hutambaa chini na kutia mikono kinywani.

SOMO LA OWINO UHURU

Owino Uhuru ni kitongoji cha Mombasa chenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilianza kazi kando yao. Mfanyakazi mmoja, Bi. Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini. Aliacha kazi, akaanza kuwatetea majirani, na hata kukamatwa alikamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 mama huyu akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Watoto walipopimwa damu mwaka 2015, wastani wa wale wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 za risasi katika kila desilita ya damu. Wenzao wa kitongoji cha Bangladesh, papo hapo Mombasa, walikuwa na 3.7. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka 17, mkubwa kunishinda mimi ninayeandika haya. Je, fedha zitamrudishia akili aliyopokonywa akitambaa?

BASI TUWAFUKUZE MAFUNDI?

La hasha! Mjomba wangu ni fundi wa kusubu sufuria, na pesa zangu za chakula cha mchana shuleni hutoka katika kalibu yake. Wanaosema mafundi wafukuzwe wote hawajafikiria watoto wao watakula nini. Tena mwenye kuumia kwanza ni fundi mwenyewe, kisha wanawe, kwa vumbi analorudi nalo nyumbani katika nguo. Nilipomweleza mjomba habari za rejeta alinisikiliza, akasema, "Mimi nilidhani moshi ni moshi tu." Wengi hawajaambiwa.

Kwa hivyo napendekeza haya:

1. Betri na rejeta zisitiwe kabisa katika chungu cha alumini. Rangi na plastiki ziondolewe kwanza.

2. Kalibu ziwekwe mbali na nyumba, shule na vijito. Milima yetu hupeleka kila kitu bondeni. Kinachomwagwa Nyamira hufika Mto Gucha, na Gucha hufika Ziwa Viktoria.

3. Fundi abadilishe nguo na kunawa kabla ya kuwabeba watoto.

4. Jikoni, tusiweke vyakula vichachu kama nyanya na maziwa lala katika sufuria usiku kucha. Na sisi tunaosugua sufuria ndani kwa mchanga mpaka zing'ae, tuache! Ule weusi wa ndani ni ngozi inayozuia metali kuingia katika chakula.

5. Tujue haki zetu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya mazingira safi, na sheria ya mazingira ya 1999 hutaka athari za kiwanda zichunguzwe kabla hakijajengwa. Kikija kiwanda, tuulize mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MSAMIATI

Kusubu: kumimina metali iliyoyeyuka ili kupata umbo.
Kalibu: tanuri la kuyeyushia metali, pia umbo la kusubia.
Lehemu: metali ya kuunganishia vyuma.
Fidia: malipo kwa aliyedhuriwa.

MASWALI

1. Kwa nini mtoto hudhurika kwa risasi kuliko mtu mzima?
2. "Jua kali huleta riziki na maradhi." Jadili.