Sare za Harusi Zimekwama Bandarini

*Shikamoo khalati. Naandika hapa huku mkono unatetemeka. Binti wa jirani yetu anaolewa mwezi ujao, na wanawake wa mtaa tuko ishirini na wanne kwenye sare. Mimi ndiye niliyejitia kimbelembele. Niliyaona madera kwenye simu, kwa muuzaji wa China, yametariziwa shingoni, bei ukiigeuza ni shilingi 900 kila moja. Nauli ya meli kwa mzigo mzima 2,400. Nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp: kila mtu atoe 1,100, basi, hakuna cha ziada. Binamu yangu aliyeko Columbus, Ohio, alinihakikishia kwamba vitu vidogo vidogo vya mtandaoni havitozwi ushuru. Yeye anaagiza miaka nenda miaka rudi. Sasa mzigo umefika na wakala anataka 20,000 kabla ya kuutoa. Mzigo wenyewe ni wa 24,000! Muuzaji anasema tusijali, ataandika risiti nyingine iseme ni zawadi ya dola 20. Kwenye kundi mmoja ametuma ujumbe wa sauti kwamba pesa nimezila. Nafikiria kuchukua mkopo wa simu nilipe kimya kimya. Mume wangu hajui lolote. Hii ni kodi kweli au ni wizi?*

*Mwenye Mzigo, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Kunywa maji kwanza.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokukosesha usingizi. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni kodi halali. Si zote, na hiyo tofauti tutaifikia.

Binamu yako hakukudanganya. Alikupa habari za kwao, tena zilizochacha. Marekani ilikuwa na mlango wake: kifurushi kisichozidi dola 800 kiliingia bila ushuru, kiwango kilichowekwa 2016 baada ya miaka ya dola 200. Ndiyo maana watu kule waliagiza kila kitu, hadi soksi, kutoka China. Lakini mlango huo ulifungwa kwa bidhaa za China tarehe 2 Mei 2025, na tarehe 29 Agosti mwaka huo huo ukafungwa kwa dunia nzima. Muulize leo, utasikia kilio chake. Kwetu Kenya mlango mpana hivyo haupo. Ule msamaha unaosikia watu wakiutaja wa uwanja wa ndege ni wa msafiri na vitu anavyoingia navyo mwenyewe mkononi. Madera ishirini na manne ndani ya kontena ni mzigo kama mzigo mwingine, hata kama uliyanunua umelala kitandani.

Sasa chukua kalamu. Forodha haihesabu bei ya nguo peke yake. Inajumlisha bei, nauli ya meli na bima. Bima hukuitaja, naiacha. Nguo 21,600, nauli 2,400, jumla 24,000. Tangu Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki zina madaraja manne ya ushuru wa pamoja: sufuri, 10, 25 na 35 kwa mia. Nguo ziko kwenye 35, kule juu kabisa, isipokuwa pale serikali ilipojipangia kiwango chake kwa mwaka husika. Hiyo ni 8,400. Halafu IDF, yaani ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5 ya ile 24,000: 600. Tozo ya reli, ambayo mwishoni mwa 2024 ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2: 480. Mwisho VAT, asilimia 16, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu haitozwi juu ya 24,000. Inatozwa juu ya 24,000 pamoja na ule ushuru wa 8,400, yaani kodi inapanda mgongoni mwa kodi. Asilimia 16 ya 32,400 ni 5,184.

Jumlisha: 14,664.

Najua inauma. Ni zaidi ya nusu ya thamani ya mzigo. Ile 35 iliwekwa kuwalinda wenye viwanda na mafundi wetu wa cherehani, na mimi nina maoni mseto kuhusu ulinzi huo, maana fundi huyo huyo kitambaa chake nacho kimetoka nje na kimetozwa. Lakini nikuulize kwa upole: kabla ya kubonyeza kile kitufe, ulimpitia fundi yeyote wa mtaani ukamuuliza bei ya sare ishirini na nne kwa mpigo? Usinijibu. Ni wivu wangu tu, marehemu mama alikuwa mshonaji.

Turudi kwa wakala. Amekudai 20,000, hesabu yangu imetoa 14,664, na kati yake kuna 5,336. Usikimbilie kumwita mwizi. Kuna ujira wake, kuna gharama za bandari, kuna kuhifadhi mzigo, na huenda bidhaa yako imepangiwa kiwango tofauti na nilichokadiria. Lakini ana wajibu wa kukuonyesha. Mtake akuandikie mstari kwa mstari: ushuru kiasi gani, IDF, reli, VAT, na chake yeye. Kisha muulize swali moja litakalomfanya akutazame upya: mzigo wangu una entri yake peke yake forodhani, au umo ndani ya entri ya kontena zima?

Wengi wanaoagiza kidogo kidogo, mizigo yao huchanganywa na ya wenzao katika kontena moja, na forodha inashughulika na aliyelikusanya. Ukiwa ndani ya mchanganyiko huo, namba anayokutajia wakala si namba ya KRA, mamlaka ya mapato. Ni bei yake, na bei hupatanwa. Na mwenzako mmoja tu humo ndani akiandika uongo, kontena zima linaweza kusimama. Waulize wafanyabiashara wa Nyamakima pale Nairobi kuhusu 2018 na 2019, mizigo yao ilipokwama hadi wakaingia barabarani. Ukiwa na entri yako, basi kuna hati ya malipo ya KRA yenye namba yake ya malipo, PRN. Kodi hulipwa kwa namba hiyo. Pesa ya kodi isiende kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama ni rafiki wa shemeji yako.

Fanya haya upesi. Mzigo wa meli una siku 21 za kuandikishwa forodhani, zikipita unaanza safari ya kuelekea mnadani, na huku gharama za kuhifadhi zinakula.

Ile risiti ya zawadi, ikatae. Muuzaji yuko maelfu ya maili, hakuna atakayemgongea mlango. Jina lililoandikwa kwenye mzigo ni lako. Hati ya uongo forodhani ni kosa la jinai, na afisa hana haja ya kuwa mganga kujua kwamba madera ishirini na manne yaliyotariziwa hayawezi kuwa dola 20. Sheria inamruhusu kuikataa thamani uliyoandika akatumia bei ya bidhaa zinazofanana. Utaishia na kodi ile ile, na kesi juu yake. Kama unaona thamani waliyoitumia si sahihi, tumia risiti yako ya kweli na ujumbe wa malipo, uombe mapitio kwa maandishi. Una siku 30.

Sasa jambo ambalo hukuniandikia. Watu ishirini na wanne mara 1,100 ni 26,400. Mzigo uligharimu 24,000. Ziko wapi 2,400?

Sikushuku, mwanangu. Nadhani ziliishia kwenye vocha na nauli za kwenda na kurudi, na pengine ulistahili kitu kwa usumbufu wako. Lakini yule wa ujumbe wa sauti naye anajua kuzidisha. Na kama nimeweza kuiona mimi, niliye mbali na mtaa wenu, wao wameiona zamani. Zitafute hizo 2,400 uzirudishe mezani kabla hujafungua mdomo kuhusu ushuru. Kama hujazipata zote, sema kiasi ulichotumia na kwa nini.

Mkopo wa simu usiuchukue. Ukilipa kimya kimya, watavaa madera yao wakiamini kwamba ushuru haukuwepo, na kwamba ulichelewa tu kwa sababu pesa ulikuwa umezila ukazirudisha. Utakuwa umelipa 20,000 kununua ubaya. Wewe si mwenye duka. Uliwaagizia wenzako, mzigo ni wao, na deni hili ni la wote. Kosa lako ni lile neno "hakuna cha ziada", na kosa hilo liombee radhi waziwazi.

Kwenye kundi weka picha, usiweke maelezo marefu: risiti ya muuzaji, ujumbe wa malipo wa M-Pesa, karatasi ya wakala iliyochanganuliwa. Ukitoa 2,400 kwenye 20,000 zinabaki 17,600, yaani kama 733 kila mmoja. Wakala akishuka, inashuka. Asiyeweza kuongeza aseme, na dera lake liuzwe kwa mwingine arudishiwe 1,100 zake. Wapo watakaonung'unika. Waache wanung'unike mbele ya karatasi.

Mumeo mwambie usiku wa leo, kabla hajaipata kwenye baraza la kahawa. Na mamake bibi harusi usimwachie WhatsApp. Mwendee kwa miguu kesho asubuhi, na karatasi ya wakala mkononi, umwambie sare zimefika bandarini na kinachosubiriwa ni nini.