SOMO: TANGAZO LA INTANETI HALIPANDI KWA FEDHA PEKE YAKE

Wanachama wenzetu,

Wazee wamesema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni kweli sokoni, ambako mnunuzi huiona bidhaa kwa macho yake. Lakini mgeni aliye Ujerumani au Italia haoni shamba letu, wala sisi hatumwoni yeye. Yeye huandika maneno machache katika simu, na Google humletea orodha. Juu ya orodha hiyo aghalabu huwapo matangazo ya kulipia, na hapo ndipo tulipotaka tuwepo.

Karafuu zenyewe, kama sote tujuavyo, huuzwa kwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, basi hizo si za kutangaza. Tulizozitangaza ni ziara za mashamba ya viungo, ili mkulima apate kitu katika mwaka ambao mikarafuu haikuzaa. Msimu uliopita tulitumia fedha za michango yenu. Zikaisha upesi, na wageni waliofika wakawa wachache. Mkutanoni mliuliza, "Fedha zimekwenda wapi?" Kuuliza ni haki yenu, na somo hili ndilo jibu letu.

Kosa letu la kwanza ni kudhani kwamba mnada wa matangazo ni kama mnada wa mbuzi, atajaye bei kubwa ndiye achukuaye. Mnada wa namna hiyo uliwahi kuwapo. Mwaka 1998 kampuni ya GoTo.com ya Marekani ilipanga matangazo kwa kufuata bei. Google ilianza kuuza matangazo ya namna yake mwaka 2000, na tangu mwaka 2002 ikaanza kutazama mambo mawili pamoja: bei aliyoitaja mtu kwa kila mbofyo, na jinsi tangazo lake linavyopendwa na watafutaji.

Tuchukue mfano mwepesi. Bwana wa kwanza ametaja shilingi 1,000 kwa mbofyo mmoja, na ubora wa tangazo lake ni 3. Zidisha, utapata 3,000. Wa pili ametaja shilingi 500 tu, lakini ubora wake ni 8. Zidisha, utapata 4,000. Wa pili ndiye atakayekaa juu. Tena hatalipa 500 zote, atalipa kiasi cha kumpita kidogo tu aliye chini yake, yaani 3,000 kugawanya kwa 8, ambayo ni 375 na ziada ndogo. Hesabu ya kweli ina mambo mengi kuliko haya, kama vile mahali alipo mtafutaji na saa anayotafuta, lakini msingi wake ni huo. Hili lisitushangaze. Karafuu zenye makonyo na mpeta hushushwa daraja, hata mwenye nazo akiwa wa kwanza kufika kituoni.

Google humwonyesha mwenye tangazo alama ya ubora, kuanzia 1 hadi 10, kwa kila neno alilolichagua. Alama hiyo ni ya kutuonyesha penye kasoro, haiingizwi yenyewe katika mnada. Hutokana na mambo matatu, na sisi tulikosea yote matatu.

La kwanza ni matumaini kwamba tangazo litabofywa. Tulichagua neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya karafuu. Likatuletea wenye maumivu ya jino, wapishi, na watafutao sigara za karafuu za Indonesia. Wengi walipita bila kubofya, na waliobofya walitumaliza fedha, kwa maana kila mbofyo hulipiwa. Dawa yake ni kuchagua maneno ya mtu anayetaka ziara hasa, na kuandika orodha ya maneno ya kukataliwa, kama jino, mapishi na sigara. Ipo ripoti ionyeshayo watu waliandika nini. Yatupasa kuisoma kila wiki.

La pili ni tangazo kulingana na kilichotafutwa. Tangazo letu lilisifu chama, halikutaja ziara. Kichwa kimoja cha tangazo hakizidi herufi 30, na mtu anaruhusiwa kuandika vichwa hadi 15. Basi kila kichwa kiseme jambo moja la kweli: ziara ya viungo, kisiwa chetu, saa ngapi, bei gani.

La tatu ni ukurasa anaofikia mgeni. Sisi tulimpeleka penye picha za viongozi na taarifa za mikutano, na picha zile nzito zilichelewa kufunguka. Mgeni afikishwe moja kwa moja kwenye ukurasa wa ziara, aone bei, njia ya kuja na namna ya kuweka nafasi, na picha ziwe nyepesi kwa simu.

Tunaonya jambo moja. Tusiandike "bure" ili tubofywe sana. Mibofyo itapanda, na fedha zitakwisha kabla mgeni mmoja hajakanyaga shambani. Alama kubwa si mavuno. Mavuno ni mgeni aliyefika na kulipa. Kwa hiyo kila mgeni aulizwe alitujuaje, na jibu liandikwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya mkutano ujao, kila tawi lituletee maneno matatu ambayo wageni wao huyatumia wanapouliza habari za mashamba. Tutaanza tena kwa fedha kidogo, na hesabu ya kila mbofyo itasomwa mbele yenu.

Katibu wa Chama