Mkutano Mkuu Ufanyike Mji Gani?

Kamati nyingi za maandalizi huanza na ukumbi. Profoma tatu zinawekwa mezani, yenye bei ya chini inashinda, na mji unakuwa umeshachaguliwa hapo hapo. Kwa chama cha kitaaluma ambacho wanachama wake wengi hujilipia, huko ni kuanzia mkiani. Ukumbi hulipwa na chama. Nauli, kitanda na siku za kazi zinazopotea hulipwa na mwanachama, na zikijumlishwa mara nyingi huupita ukumbi kwa mbali.

Tuseme mnategemea wajumbe 200, na mji mmoja una ukumbi ulio nafuu kwa shilingi milioni 2 kuliko mwingine. Hapo kila mjumbe ameokolewa shilingi 10,000. Lakini kama kufika huko kunawalazimu wajumbe 80 kulala usiku mmoja zaidi, kwa kitanda cha shilingi 40,000, zimewatoka mifukoni shilingi milioni 3.2 kabla hawajanywa hata chai ya saa nne. Kamati haizioni, kwa sababu hazipiti kwenye akaunti ya chama.

Basi chukueni daftari la wanachama mlipange kimkoa. Miji miwili au mitatu ikishapendekezwa, pigeni nauli ya kwenda na kurudi kutoka kila mkoa, mzidishe kwa idadi ya wanachama wa huko, kisha mwongeze usiku watakaolala. Kazi hiyo inamaliza mchana mmoja, na aghalabu inamaliza pia ubishi wa vikao vitatu.

Kwa vyama vya Tanzania Bara, hesabu hiyo siku hizi huangukia Dodoma mara nyingi. Mji uko katikati, na barabara za lami zinauingia kutoka Morogoro, Singida, Iringa na Babati. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi huko. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Mjumbe wa Dar anaweza kupanda asubuhi na kuwahi kikao cha mchana. Tanganyika Law Society, waliozoea kukutana Arusha, mwaka huohuo wa 2024 walifanyia mkutano wao Dodoma.

Tatizo la Dodoma ni kalenda. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na vikao vingine vya Bunge hufuata kwa vipindi. Wabunge, maofisa wa wizara, madereva na waandishi wa habari wote wanataka vitanda. Gesti iliyokuwa ikibembeleza wateja mwezi uliopita itakujibu kwa mkato. Nane Nane nayo, ikijaza viwanja vya Nzuguni, hufanya vivyo hivyo. Msisaini chochote kabla ya kutazama ratiba ya Bunge.

Arusha ina jina, na ina ukumbi wenye historia. Majengo ya AICC yalijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Jumuiya ilipovunjika 1977, mwaka uliofuata yakageuzwa kituo cha mikutano. Ila mji huu hupanga bei kwa kumtazama mtalii. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena karibu na Krismasi, hoteli hazina sababu ya kuwapunguzia. Masika, Aprili na Mei, mambo hugeuka, na hapo ndipo pa kubana bei. Anayekuja kwa ndege akumbuke kwamba uwanja wa KIA uko kilomita 50 hivi kutoka mjini. Teksi moja inaweza kula pesa ya malazi ya usiku mzima. Mkipewa bei kwa dola, ombeni ya shilingi: kanuni za Machi 2025 zinataka huduma za ndani zitozwe kwa fedha yetu.

Morogoro ndiyo kimbilio la warsha za watu wa Dar, na kwa kundi dogo sioni kasoro. Kwa mkutano mkuu nina wasiwasi nayo. Treni ni chini ya saa mbili, kwa hiyo ikifika saa tisa alasiri viti vinaanza kubaki vitupu: kila mmoja ana kikao mjini au mtoto wa kuchukua shule. Dar yenyewe ina ugonjwa huohuo, na foleni juu yake, japokuwa gesti za Sinza zinashinda karibu mji wowote kwa wingi na kwa bei.

Mwanza, Mbeya na Tanga zipewe zamu, hata kama jumla ya gharama itapanda kidogo. Mwanachama wa Geita au Songwe aliyelipa ada miaka yote naye ana haki ya kulala kwake walau mara moja. Zanzibar huombwa kila mwaka. Ihesabiwe pamoja na boti, halafu wanaoiomba waonyeshwe jumla.

Mji ukipatikana, isomeni profoma mstari kwa mstari. Bei ya kichwa kimoja kwa siku kwa kawaida hubeba ukumbi, chai ya saa nne, chakula cha mchana, chai ya jioni, maji, kalamu na daftari. Ulizeni kama VAT ya asilimia 18 imo ndani, maana neno "bila VAT" hupenda kujificha chini kabisa, kwa herufi ndogo. Ulizeni jenereta inawasha nini: taa tu, au na projekta na viyoyozi? Kama paa ni la bati na mkutano ni wa masika, mvua ikianza hata MC atanyamaza. Na msiahidi vichwa 200 kwa sababu waliojiandikisha ni 200. Ahidini 160, mkataba uruhusu kuongeza siku tatu kabla. Msipofanya hivyo mtalipia sahani za watu waliobaki makwao.

Tarehe nayo ina bei yake. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na wanaodhaminiwa na halmashauri au hospitali za umma ni vigumu kupata pesa Juni, vitabu vikifungwa, au Julai, fungu likiwa halijashuka. Septemba hadi Novemba wengi hupumua. Barua ya mwaliko iwafikie waajiri wakiwa bado wanapanga bajeti, ikitaja mji, tarehe na ada. Kwa wanaojilipia, tangazo litaje malazi ya bei tatu tofauti, hosteli ikiwemo, pamoja na umbali wa kila moja hadi ukumbini kwa miguu, na nauli ya bajaji kutoka kituo cha treni, kwa sababu vituo vya SGR vya Morogoro na Dodoma vyote viko nje ya katikati ya mji.